Namna ya kupata msaada wa matunzo nyumbani ukiwa na maumivu ya kudumu: kwa sisi tunaoishi Uingereza

Mara ya kwanza afisa wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, alipokuja kumtathmini mama, mama aliamka saa kumi na moja alfajiri kukanda unga wa mahamri. Ana baridi yabisi, ile inayokula viungo, na asubuhi vidole vyake havikunji hata kushika kijiko. Alimeza dawa ya maumivu kabla ya wakati wake, akakanda kwa viganja na viwiko, akasukuma, akakaanga, akapanga meza. Mgeni akakuta mahamri ya moto, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Alipomuuliza hali, mama akajibu kama anavyomjibu kila mtu: hajambo, anamshukuru Mungu. Jikoni anaweza? Anaweza. Kuoga je? Anaoga.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema anamudu kujipikia na kujitunza, kwa hiyo hastahili msaada. Siku mbili zilizofuata yale mahamri hazikuwemo katika barua hiyo: mama amelala, mikono imevimba juu ya mto, mimi namnywesha uji.

Tulianza upya, na mara ya pili alipata. Ugonjwa ulikuwa uleule na nyumba ileile, ila safari hii tulijua sheria inauliza nini. Naandika hatua zote hapa kwa ajili ya mwenye baridi yabisi, siko seli, faibromayalgia, mgongo ulioharibika au maumivu mengine yoyote yasiyoondoka, na kwa watoto, wake na waume wanaowauguza.

Ninayoyaeleza ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao. Scotland, kwa mfano, kuogeshwa na kuvishwa nyumbani hakulipiwi na mtu mzima yeyote aliyepimwa akaonekana anahitaji. Ukiishi huko, hatua za kujiandaa zitakufaa, lakini taratibu za pesa zitafute kwa kaunsili yako.

Kwanza ijue sheria

Sheria yenyewe inaitwa Care Act, ya mwaka 2014. Lishike jina hilo kwa Kiingereza chake, maana utalitaja kwenye simu na kwenye barua. Inaipa kaunsili wajibu wa kumpima mtu mzima yeyote anayeonekana huenda anahitaji matunzo, awe na pesa au asiwe nazo, hata kama wao wanadhani shida yake ni ndogo. Mtu wa simu akikuambia "una nyumba yako, hupati" au "unafanya kazi, si wetu" kabla hujapimwa, amekosea. Mambo ya pesa huja baadaye.

Ili ustahili, mambo matatu lazima yakutane. Mahitaji yako yawe yanatokana na ugonjwa au ulemavu. Uwe umeshindwa mambo mawili au zaidi katika orodha ya kumi. Na kushindwa huko kuwe kunayaathiri maisha yako kwa kiasi kikubwa.

Mambo kumi ni haya: kupata na kuandaa chakula na kula, usafi wa mwili, kwenda chooni, kuvaa nguo zinazofaa, kutumia nyumba yako kwa usalama, kuiweka nyumba katika hali ya kukalika, kuwa na uhusiano na ndugu na marafiki, kufanya kazi au kusoma au kujitolea, kutumia huduma za mtaani pamoja na usafiri wa umma, na kulea mtoto uliye na jukumu naye. Hayo ya ndugu na marafiki watu wengi huyaruka wakidhani ni anasa. Yamo ndani ya sheria sawasawa na kuoga. Kama maumivu yamekukatisha kwenda msikitini, kanisani, kwenye arusi na misiba, sema.

Hapa ndipo penye uzito wote. Sheria imeeleza maana ya "kushindwa", na si ile tunayoijua sisi. Umeshindwa kama huwezi kabisa bila kusaidiwa. Umeshindwa pia kama unaweza mwenyewe lakini kufanya hivyo kunakuletea maumivu makubwa, dhiki au wasiwasi. Umeshindwa kama unaweza lakini unahatarisha afya au usalama wako au wa mwingine. Na umeshindwa kama unaweza lakini inakuchukua muda mrefu kupita kawaida.

Soma tena ile ya pili. Maumivu yametajwa kwa jina lake ndani ya kanuni. Mama yangu aliyekanda mahamri yale, kwa sheria, ni mtu asiyeweza kujiandalia chakula. Afisa hakuuliza kukanda kulimgharimu nini, na sisi hatukusema.

Hatua ya kwanza: wiki mbili na daftari

Kabla ya kupiga simu, nunua daftari la kawaida. Andika kila siku kwa siku kumi na nne, mgonjwa mwenyewe au wewe unayemuuguza. Usiandike "leo ameumwa sana", kwa sababu sentensi hiyo haimwambii afisa kitu. Andika kitendo, muda, namna kilivyofanyika na kilichofuata.

Hii ni siku moja kutoka daftari la mama, kama ilivyo:

"Jumanne. Usiku ameamka mara nne, nyonga. Saa kumi na mbili na nusu ameanza kujiinua, amekaa ukingoni mwa kitanda mpaka saa moja kasorobo. Udhu ameketi kwenye kigoda, dakika ishirini, miguu nimemwosha mimi. Vifungo vya gauni nimefunga mimi. Birika ameliburuza kwenye meza ya jiko kwa mikono miwili, hakulinyanyua, maji yamemwagika karibu na kidole. Mchana amekula mkate mkavu kwa sababu sikuwepo. Hakuoga. Saa kumi amejaribu kukunja nguo, amekunja tatu, ameacha. Jioni hakushika simu dada yake alipopiga kutoka Tanga."

Angalia ilivyobeba. Ndani ya siku moja kuna usafi wa mwili, kuvaa, chakula, hatari ya kuungua, nyumba na uhusiano na ndugu. Hakuna neno la kulia-lia, na hakuna lililoongezwa chumvi.

Siku nzuri nazo ziandike. Maumivu ya kudumu hupanda na kushuka, na mwenye siko seli anajua anaweza kukaa wiki tatu akitembea vizuri halafu akaangushwa na maumivu ya mifupa usiku mmoja. Kanuni zinaitaka kaunsili iangalie hali inayobadilika kwa kipindi cha kutosha, si siku ile afisa aliyokuja tu. Kwa hiyo mwisho wa wiki mbili hesabu: siku ngapi mbaya, ngapi za wastani, ngapi nzuri. Kisha eleza siku nzuri inakuwaje kwa kweli. Kwa mama, siku nzuri ni ile anayoweza kujivika, lakini bado hawezi kufungua chupa ya dawa.

Halafu kusanya karatasi: barua za daktari bingwa, orodha ya dawa kutoka kwa GP wako, yule daktari wa mtaani, barua ya kliniki ya maumivu kama unahudhuria. Kaunsili haiwezi kukunyima tathmini kwa kuwa huna barua ya daktari, lakini ukiwa nayo inasaidia. Muombe GP aandike ugonjwa unamzuia mgonjwa kufanya nini, maana jina la ugonjwa peke yake halimwambii afisa kitu. Andika kabisa madhara ya dawa: usingizi, kizunguzungu, kufunga choo. Mtu anayetumia mofini au gabapentini akisimama jikoni na sufuria ya mafuta, hiyo ni habari ya usalama.

Hatua ya pili: omba tathmini

Ingia kwenye tovuti ya kaunsili unakoishi, tafuta idara ya matunzo ya watu wazima, piga simu au jaza fomu. Liite ombi lako kwa jina lao: needs assessment chini ya Care Act. Kama wewe ndiye unayemuuguza, omba siku hiyohiyo tathmini yako mwenyewe, carer's assessment. Ni haki tofauti, huna haja ya kusubiri mgonjwa akubali ya kwake, na inaweza kukuletea mapumziko au msaada wako wewe. Kwetu mtoto anayemuuguza mzazi huona aibu kusema amechoka. Waambie umechoka. Waambie hulali, mgongo wako nao umeanza, kazini umepunguza saa.

Ukishapiga simu, fuatisha kwa baruapepe fupi: tarehe, jina la uliyezungumza naye, ulichoomba. Sheria haikuweka idadi ya siku ambazo lazima uwe umepimwa, inataka uwe muda unaofaa, na ndiyo maana wengine husubiri miezi. Kama hali haisubiri, mgonjwa anaanguka au halishwi, sema wazi kwamba ni dharura na uombe msaada wa muda kabla ya tathmini. Kaunsili ina mamlaka hayo.

Watakupendekezea tathmini kwa simu. Unaweza kuomba waje nyumbani, na nakusihi uombe, kwa sababu maumivu hayasikiki kwenye simu na ngazi za nyumba yako hazionekani.

Kama Kiingereza cha mgonjwa ni cha kuombea maji tu, omba mkalimani wa Kiswahili, nao ndio wanaopaswa kumtafuta. Taja lahaja au lugha halisi: mtu wa Barawa, Somalia, anaweza kutaka Chimwiini, lahaja ya kwao, Mkongo wa Bukavu atasumbuka na mkalimani wa Unguja. Usimtumie mtoto wa shule kumtafsiria bibi yake habari za choo. Bibi hatasema, na mtoto hatasahau.

Mgonjwa akiwa na shida kubwa ya kuelewa au kueleza mambo yake, na hana ndugu wala rafiki anayefaa kumsaidia, kaunsili lazima impatie mtetezi wa kujitegemea bila malipo.

Siku ya tathmini

Usipike. Najua ni vigumu. Mama aliniuliza mara tatu, "Sasa mgeni atakaa mdomo mkavu?" Nikamwambia, "Mama, huyu leo hajaja kututembelea, amekuja kuona jinsi unavyoishi." Tulimpa maji ya chupa. Sikufagia sebule, sikuficha ndoo iliyokaa kando ya kitanda kwa ajili ya usiku, sikuondoa viti vitatu alivyopanga mama ukumbini vya kushikia akienda chooni. Afisa wa mara ya pili aliviona viti vile kabla hatujasema neno, akauliza ni vya nini.

Salamu zetu nazo zina mtego. Mswahili akiulizwa hali hujibu njema kwanza, hata akiwa mahututi, ndipo aeleze. Afisa huandika lile la kwanza. Kubalianeni mapema kwamba baada ya salamu, swali la hali litajibiwa kwa hali. Kumshukuru Mungu hakukatazi kusema kweli. Mama alilipata jibu lake mwenyewe: "Namshukuru Mungu niko hai, na usiku nimeamka mara nne kwa maumivu."

Kila swali la "unaweza?" lijibu kwa maswali manne. Inauma kiasi gani? Inachukua muda gani? Kuna hatari gani? Baadaye inakuwaje? "Naweza kuoga" inageuka kuwa: "Naoga mara mbili kwa wiki, sikai ndani ya beseni kwa sababu siwezi kutoka, mwanangu anasimama mlangoni, nikimaliza nalala kwa muda wa saa mbili." Mtu akisikia hivyo hawezi kuandika kwamba unajimudu.

Kuna jambo lingine lililotuangusha mara ya kwanza. Afisa aliuliza nani anapika, nikajibu mimi. Nani anafua? Mimi. Akaandika kwamba mahitaji yanatimizwa na familia. Utaratibu wenyewe ni kwamba anayepimwa ni mgonjwa kana kwamba hana anayemsaidia. Kwanza waseme anastahili au hapana, halafu ndipo waulize familia inaweza na inataka kuendelea na kipi. Maneno hayo mawili, kuweza na kutaka, una haki ya kuyajibu kwa ukweli. Nilisema nataka kuendelea kumpikia mama chakula cha jioni na kumpeleka hospitali, na kwamba siwezi asubuhi kwa sababu naingia kazini saa moja na nusu. Iliandikwa hivyo, na pengo la asubuhi likawa la kaunsili kulijaza.

Taja dini na mila kama sehemu ya mahitaji. Sheria inataka heshima ya mtu, matakwa yake na imani yake vizingatiwe. Mama alisema anataka mwanamke wa kumwogesha, asaidiwe udhu, na chakula kiwe halali.

Mpe afisa nakala ya daftari, ubaki na asili.

Vifaa, na zile wiki sita

Mara nyingi kabla ya mtu wa kuja nyumbani utaletewa vifaa, na usivikatae ukidhani wanakuzuga. Omba uonwe na mtaalamu wa tiba ya kazi, yule anayepima nyumba na kutoa vishikio, kiti cha bafuni, kiinua choo, meza yenye magurudumu. Vifaa vya matunzo hutolewa bure England, na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000 vilevile. Kwa marekebisho makubwa kama bafu la kuogea bila kupanda au lifti ya ngazi, kuna ruzuku iitwayo Disabled Facilities Grant, mwisho wake pauni 30,000 England, na kipato cha mtu mzima huangaliwa.

Ukitoka hospitali, au ukiwa umedhoofika ghafla, unaweza kupewa msaada wa muda wa kukurudishia nguvu, bure hadi wiki sita. Ni msaada mzuri. Ila uliza tangu wiki ya pili nini kitafuata, kwa sababu wengine huachwa hewani siku ya mwisho, na ugonjwa wa kudumu hauponi kwa wiki sita.

Uamuzi na mpango

Jibu lazima lije kwa maandishi pamoja na sababu, liwe la kukubali au la kukataa. Likiwa la kukubali, mnaandika mpango wa matunzo na kuwekewa bajeti yako, yaani kiasi kinachohitajika kununua msaada huo. Soma mpango mstari kwa mstari. "Msaada wa usafi wa mwili asubuhi" haitoshi. Ziandikwe dakika, siku na kinachofanyika. Dakika kumi na tano hazimtoshi mtu ambaye viungo vyake asubuhi ni kama mbao. Hapo ndipo ile "dakika ishirini za udhu" ya daftarini ilipotuokoa.

Nani analipa

Matibabu mengi ya NHS, huduma ya afya ya taifa, ni bure, lakini matunzo ya kaunsili yana hesabu yake. Baada ya kukutwa unastahili, wanapima pesa zako. Akiba ikizidi pauni 23,250 unalipa gharama zote mwenyewe. Ikiwa chini ya pauni 14,250, akiba haihesabiwi. Katikati, kila pauni 250 huhesabiwa kama pauni moja ya kipato kwa wiki. Kaunsili nyingine zina viwango vyenye huruma zaidi, kwa hiyo uliza.

Haya yashike vizuri, maana ndipo watu hulipishwa zaidi ya haki. Ukitunzwa nyumbani kwako, thamani ya nyumba unayoishi haihesabiwi. Mshahara unaoupata kwa kufanya kazi hauhesabiwi. Wanapima pesa za mgonjwa peke yake, si za mume, mke wala watoto, na mtoto hawajibiki kulipia matunzo ya mzazi. Wakishachukua chao, lazima ubakiwe na kiwango cha chini cha kuishi kilichowekwa na serikali.

Na kuna gharama za ugonjwa, ambazo kwa Kiingereza chao ni disability related expenditure. Kama wanahesabu posho yako ya ugonjwa kuwa kipato, lazima wakutolee unachokitumia kwa sababu ya ugonjwa huo: mkaa wa siku hizi ambao ni bili ya gesi na umeme, kwa sababu baridi inazidisha maumivu, kufua shuka mara kwa mara, teksi za kwenda kliniki, mboga zilizokatwa tayari kwa asiyeweza kushika kisu. Hawatakukumbusha. Tunza risiti miezi mitatu kabla, andika orodha, peleka.

Pesa mkononi au mhudumu wa kaunsili

Unaweza kuwaachia wao walete mhudumu kutoka shirika, au uombe upewe fedha utafute msaidizi mwenyewe. Hizo wanaziita direct payments. Sisi tulichukua njia hii ya pili na siijutii, kwa sababu tulimpata mama mmoja anayezungumza Kiswahili, anayejua kwamba kanga hufungwa vipi na mtu asiyeinua mikono.

Lakini ingia ukijua. Ukimwajiri mtu moja kwa moja, wewe ni mwajiri: mkataba, kima cha chini cha mshahara, likizo yenye malipo, kodi, pengine pensheni, na bima ya mwajiri. Gharama hizo ziombe ziwemo ndani ya bajeti, na uliza ni shirika gani mtaani linawasaidia watu hesabu za mishahara. Fedha hukaa kwenye akaunti yake au kadi maalumu, na kila senti ina risiti. Usichanganye na pesa za nyumbani hata kwa siku moja, hata kwa nia njema ya kurudisha, kwa sababu wanaweza kuzidai.

Kuhusu ndugu: mume, mke au ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mgonjwa kwa kawaida halipwi kwa fedha hizi, mpaka kaunsili ikubali kuwa ni lazima. Ndugu anayeishi kwake anaweza kulipwa. Wengi hawalijui hili, shangazi wa mtaa wa pili anaacha kazi kumhudumia dada yake bure.

Posho zinazokwenda sambamba

Hizi si za kaunsili, ni za serikali kuu, na unaziomba kando. Aliye chini ya umri wa pensheni anaomba PIP, yaani Personal Independence Payment. Aliyeufikia anaomba Attendance Allowance. Zote mbili haziangalii kipato wala akiba, na PIP unaipata hata ukiwa kazini. PIP ni ya pointi: 8 kwa kiwango cha kawaida, 12 kwa cha juu. Nayo ina kanuni ndugu na ile ya Care Act: jambo linahesabiwa unaliweza pale tu unapolifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ugonjwa huo. Daftari lilelile litakufaa kwa fomu hii. Ukikataliwa, una mwezi mmoja kuomba waangalie upya, na baada ya hapo kuna baraza huru la rufaa. Usiishie barua ya kwanza.

Anayeuguza saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuomba Carer's Allowance, lakini uliza kwanza kwa washauri kama Citizens Advice, kwa sababu inaweza kupunguza posho nyingine za mgonjwa.

Kama viza yako imeandikwa huna haki ya fedha za umma

Hapa nenda taratibu. PIP, Attendance Allowance na Carer's Allowance zimo katika orodha ya fedha za umma, na kuziomba ukiwa na sharti hilo kunaweza kukuharibia viza. Matunzo ya kaunsili chini ya Care Act hayamo katika orodha hiyo. Kaunsili inaweza kukusaidia mradi mahitaji yako yanatokana na ugonjwa na si umaskini peke yake. Asiye na kibali kabisa ana vikwazo zaidi, na kaunsili inaweza kuuliza au kuwasiliana na uhamiaji, kwa hiyo aonane na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kupiga simu. Aliyepewa ukimbizi hana kizuizi hicho.

Ukikataliwa

Isome barua na kalamu mkononi. Tafuta neno "maumivu". Mara nyingi halimo. Kisha andika, kwa kila jambo ulilosema umeshindwa: barua yenu inasema naweza, kanuni inasema ninayefanya kwa maumivu makubwa nahesabiwa nimeshindwa, siku za daftari zinazoonyesha hivyo ni hizi na hizi. Ukurasa mmoja unatosha. Omba waangalie upya, na kama hali imebadilika, omba tathmini mpya. Wakikataa, fungua malalamiko rasmi kwa kaunsili. Wakishajibu na hujaridhika, nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya kaunsili, bure, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ujue tatizo. Sisi hatukufika huko. Barua ya ukurasa mmoja ilitosha kutuletea afisa mwingine.

Mpango ukishaanza, unapaswa kuangaliwa wiki za mwanzo na kisha angalau mara moja kwa mwaka, na unaweza kuomba uangaliwe wakati wowote hali ikibadilika. Anza daftari jipya wiki mbili kabla ya mapitio, hata kama mambo yanakwenda vizuri, maana wakisikia mnaendelea vizuri wanaweza kupunguza saa zilezile zinazofanya mambo yaende vizuri. Mwaka huu mama aliliandika mwenyewe, kwa kalamu nene niliyoizungushia sponji ili aishike. Kurasa sita tu, herufi kubwa zinazotetemeka, na afisa alizisoma zote kabla hajafungua kompyuta yake.